Mtakatifu Yustino, Mpenda Hekima na Shahidi

Katika karne ya pili baada ya kuzaliwa kwa Bwana Yezu Kristu aliishi mtu mmoja, jina lake Yustino. Tangu ujana wake swali moja lilimsumbua moyoni: ni kitu gani kimfanyacho mtu kuwa mwema? Je, yatosha akili yake mwenyewe? Zatosha sheria za mfalme na desturi za wazee? Au wema wahitaji shina jingine, lenye kwenda chini zaidi? Swali hilo alilitafutia jibu miaka mingi, akizunguka kwa walimu mbalimbali. Na alipolipata hakuliacha tena, hata lilipomdai damu yake.

1. Nchi yake na wazazi wake

Yustino alizaliwa yapata mwaka 100 katika mji wa Flavia Neapolis, nchi ya Samaria. Mji huo leo huitwa Nablus. Karibu nao kipo kisima cha Yakobo, mahali pale Bwana Yezu alipoketi akiwa amechoka kwa safari, akamwomba mwanamke Msamaria maji ya kunywa. Lakini jamaa ya Yustino haikuwa ya dini ya Wayahudi wala ya Wasamaria. Baba yake aliitwa Priscus, na babu yake Bacchius. Walikuwa watu wa mataifa, wasiotahiriwa. Basi mtoto akakua karibu na kisima kile bila kujua ni nani aliyeketi pale.

2. Anazunguka kwa walimu

Siku zile mtu aliyetaka kujua njia ya kuishi vema alikwenda kwa wanafalsafa, yaani wapenda hekima. Hao walivaa joho lao la pekee, wakakusanya wanafunzi, wakawafundisha kwa malipo au bure. Yustino alikuwa na kiu kubwa, akawaendea mmoja baada ya mwingine.

Wa kwanza alikuwa wa chama cha Wastoiki. Hao walifundisha kwamba mtu mwema hufuata akili, hutawala hasira na tamaa zake, wala hatikiswi na utajiri wala na mateso. Mafundisho hayo ni mazuri, naye Yustino aliyasifu hata uzeeni. Lakini alipotaka kujua habari za Mungu, mwalimu yule hakuwa na neno la kumwambia, tena aliona si lazima kuzijua. Yustino akakaa naye muda, kisha akaondoka.

Wa pili alifuata mafundisho ya Aristotle, akajiona mwerevu sana. Baada ya siku chache tu alianza kudai wapatane juu ya malipo. Yustino akaona kwamba mtu wa namna hiyo si mpenda hekima, akamwacha. Wa tatu alifuata mafundisho ya Pythagoras. Huyo alitaka Yustino ajifunze kwanza muziki, elimu ya nyota na elimu ya vipimo, asije akasogea karibu na hekima bila hayo. Yustino hakuyajua, akafukuzwa kwa huzuni.

Wa nne alifuata mafundisho ya Plato. Kwake Yustino alifurahi, maana alifundishwa kuyawaza mambo yasiyoonekana kwa macho. Akili yake ikaota mabawa, hata akajidhania kwamba baada ya muda mfupi atamwona Mungu mwenyewe kwa nguvu ya mawazo yake.

3. Mzee wa pwani

Siku moja Yustino alikwenda mahali pa upweke karibu na bahari, apate kuwaza kwa utulivu. Akaona mzee mmoja mpole anamfuata nyuma. Wakaanza kuzungumza. Mzee alimwuliza hekima yake inamletea faida gani, na kama yeye ni mpenda maneno au mpenda matendo. Kisha akamwuliza jinsi wanafalsafa wanavyoweza kumjua Mungu, ikiwa hawakumwona wala hawakusikia neno kutoka kwa yeyote aliyemwona. Yustino alijibu alivyoweza, lakini hatua kwa hatua akaona kwamba nguzo alizoegemea hazina msingi.

Hapo mzee akamweleza habari za manabii, walionena kwa Roho wa Mungu, wala hawakuogopa mtu wala kutafuta sifa. Akamshauri asali kwanza, ili malango ya mwanga yafunguliwe mbele yake. Kwani mambo hayo hayaeleweki na mtu ila Mungu na Kristu wake wamempa kuyaelewa. Mzee akaenda zake, na Yustino hakumwona tena kamwe. Lakini moto uliwashwa moyoni mwake.

Jambo jingine pia lilimvuta. Alipokuwa angali mfuasi wa Plato, alisikia Wakristu wakisingiziwa kwamba hula nyama ya watu na kufanya uasherati gizani. Lakini kwa macho yake aliwaona wakikiendea kifo bila hofu. Akawaza moyoni: mtu apendaye anasa za mwili, awezaje kukipokea kifo kwa furaha, kimwondolee kila kitu anachokipenda? Akatambua kwamba watu hao hawawezi kuwa waovu. Basi akasoma maandiko ya manabii na habari za Yezu, akaamini, akapokea ubatizo.

4. Mwalimu katika Roma

Baada ya kubatizwa Yustino hakulivua joho lake la mwanafalsafa. Aliona kwamba sasa ndipo amepata hekima ya kweli, yenye mafaa. Akawa mwalimu wa imani, ingawa hakuwa padri. Alibishana kwa upole na Myahudi mmoja aitwaye Trypho, akaandika kitabu kirefu cha mazungumzo yao. Mwishowe akakaa Roma, mji mkuu wa dola, wakati wa Kaisari Antoninus Pius, aliyetawala tangu mwaka 138 hata 161. Huko alifundisha katika chumba alichokaa, juu ya nyumba ya kuogea. Hakumdai mtu fedha. Kila aliyependa kuja alisikilizwa na kufundishwa.

Karibu na mwaka 155 Yustino aliandika utetezi wa Wakristu, akauelekeza kwa Kaisari Antoninus, na kwa wanawe wawili, na kwa Baraza la wazee wa Roma, na kwa watu wote. Mmoja wa wana hao ndiye Marcus Aurelius, ambaye baadaye alikuwa Kaisari. Kijana huyo alipenda falsafa kuliko anasa zote za jumba la kifalme. Yustino aliwakumbusha kwamba wanaitwa watawa, wapenda hekima na walinzi wa haki. Basi itaonekana kama ndivyo walivyo. Aliomba jambo moja: Wakristu wasihukumiwe kwa ajili ya jina lao tu. Matendo yao yachunguzwe; mwovu aadhibiwe kwa uovu wake, na asiye na kosa aachwe.

Katika utetezi huo alieleza pia wapi wema unaposhika shina. Sheria za watu, alisema, ni za lazima, lakini mkono wao ni mfupi. Mwizi na mzinzi hutafuta giza, wakijua kwamba hakimu ni mtu kama wao, aweza kudanganywa. Lakini anayejua kwamba Mungu huona tendo na wazo pia, naye atamlipa kila mtu kwa haki, huyo hujizuia hata pasipo askari. Kwa hiyo, Yustino aliwaambia watawala, Wakristu ndio wasaidizi wao wakubwa katika kulinda amani.

Kisha akataja matendo, maana alijua kwamba maneno matupu hayamshawishi mtu. Waliofurahia uasherati zamani, sasa wanaupenda usafi wa moyo. Waliotumia uganga na uchawi, sasa wamejitoa kwa Mungu mwema. Waliopenda mali kuliko vyote, sasa wanaweka walicho nacho pamoja na kumgawia mhitaji. Waliochukiana na kuuana, wasiokubali kukaa na mtu wa kabila jingine kwa sababu ya desturi zake, sasa wanakula pamoja na kuwaombea adui zao. Tena hawawatupi watoto wachanga. Katika dola ya Roma wazazi wengi walimtupa mtoto wasiyemtaka, na sheria haikuwakataza. Kwa Wakristu jambo hilo lilikuwa dhambi kubwa, kwa kuwa mtoto ni wa Mungu.

Yustino hakuficha kwamba wako pia wanaojiita Wakristu huku wakiishi vibaya. Aliandika wazi kwamba asiyeishi kama Kristu alivyofundisha si Mkristu, hata kama mdomo wake unayatamka mafundisho. Na akawaomba watawala wawaadhibu watu hao kama wahalifu wengine.

Katika kitabu hicho hicho aliwaeleza wapagani jinsi mtu anavyopokelewa katika Eklezia. Aliyesadiki mafundisho, akaahidi kuishi kadiri yake, hufundishwa kusali na kufunga, akiomba msamaha wa dhambi zake za zamani. Na waamini wote hufunga pamoja naye. Kisha hupelekwa penye maji, akabatizwa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Siku ya Dominika wote, wa mjini na wa mashamba, hukusanyika. Maandiko husomwa, kiongozi hutoa mawaidha, watu husimama na kusali. Mkate huletwa, pamoja na divai na maji. Kiongozi hushukuru, na watu wote huitikia Amina. Mashemasi huwapelekea wasioweza kufika. Wenye mali hutoa kadiri wapendavyo, na sadaka hiyo huwasaidia yatima na wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Hivi ndivyo kazi ya Dominika ilivyokuwa wakati ule, na mkatekumeni wa leo anaitambua upesi.

5. Mbegu za Neno

Lakini watu walimpinga wakisema: je, watu waliokuwako kabla ya Kristu hawakujua wema? Sokrates wa Athens, aliyenyweshwa sumu mwaka 399 kabla ya Kristu, hakuwa mtu wa haki?

Yustino hakumtukana Sokrates. Alifundisha kwamba Kristu ndiye Neno la Mungu, na kwamba Neno hilo limepanda mbegu zake katika kila mtu. Kwa hiyo mtu asiyemjua Kristu aweza kutambua kwamba kuua ni vibaya, kwamba kumtunza mzazi ni vema, kwamba uongo waharibu. Waliofuata mwanga huo waliishi pamoja na Neno bila kulijua jina lake. Na kila jambo jema lililonenwa na mtu yeyote ni mali ya Wakristu pia. Fundisho hilo halikufa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya kazi za misioni, ulizitaja tena mbegu za Neno zilizofichika katika desturi za mataifa.

Hata hivyo mbegu si mti. Wastoiki walijua vema jinsi mtu anavyopaswa kutenda. Lakini walifundisha pia kwamba mambo yote hutokea kwa majaliwa yasiyogeuka. Yustino akauliza: kama mwizi ameiba kwa sababu haikuwezekana asiibe, mtamlaumu kwa nini? Na mwema mtamsifu kwa nini? Tawi lao lilikuwa zuri, lakini wao wenyewe walilikata shina lake. Yeye alifundisha kwamba Mungu amemwumba mtu mwenye hiari, ndiyo maana mtu atatoa hesabu ya matendo yake.

Tena alionyesha tofauti nyingine. Kwa ajili ya mafundisho ya Sokrates hakuna mwanafunzi aliyekubali kufa. Lakini kwa ajili ya Kristu walikufa wenye elimu, na pamoja nao mafundi wa mikono na watu wasiosoma kabisa.

6. Hukumu bila kosa

Siku hizo lilitokea jambo la kusikitisha katika Roma. Mwanamke mmoja aliishi katika maovu pamoja na mumewe. Alipoyasikia mafundisho ya Kristu aliacha maovu hayo, akamsihi mumewe ayaache pia. Mume akakataa, akazidi. Rafiki zake walimshauri avumilie, kwa kutumaini kwamba mume atabadilika. Lakini habari zilipofika kwamba huko Alexandria amekuwa mbaya zaidi, mwanamke akatengana naye, asishiriki dhambi zake. Mume akamshtaki kuwa Mkristu. Mama huyo akapewa na Kaisari nafasi ya kutengeneza mambo yake kwanza. Basi mume akamgeukia mwalimu wake, aitwaye Ptolemaeus, akafanya afungwe.

Hakimu Urbicus alimwuliza Ptolemaeus jambo moja tu: kama ni Mkristu. Alipokubali, akaamuru auawe. Mtu mwingine, Lucius, alikuwa akisikiliza. Akauliza kwa nini anahukumiwa mtu asiye mzinzi, wala mwuaji, wala mwizi. Urbicus akamwambia kwamba yeye naye aonekana kuwa Mkristu. Lucius akakiri, akapelekwa kuuawa. Na wa tatu akafuata.

Yustino aliandika habari hizo katika utetezi wake wa pili. Humo akasema kwamba yeye pia anatazamia kutegwa, hasa na mwanafalsafa Crescens, ambaye aliwatukana Wakristu hadharani na ambaye Yustino alimshinda mbele ya watu.

7. Mbele ya Rusticus

Antoninus alifariki mwaka 161, na Marcus Aurelius akawa Kaisari. Karibu na mwaka 165 Yustino alikamatwa pamoja na wenzake sita: Chariton, mwanamke aitwaye Charito, Euelpistus, Hierax, Paeon na Liberianus. Walipelekwa mbele ya mkuu wa mji wa Roma, Junius Rusticus.

Inafaa kumjua hakimu huyo. Hakuwa mlevi wala mla rushwa. Alikuwa Mstoiki mwenye sifa njema, na mwalimu wa Kaisari mwenyewe. Marcus Aurelius, katika kitabu chake cha mawazo, anamshukuru Rusticus kwa kumfundisha kwamba tabia yake inahitaji kurekebishwa, na kwa kumpa maandiko ya Epictetus, mtumwa wa zamani aliyekuwa mwalimu mkuu wa maisha mema. Basi siku ile wapenda hekima wawili walitazamana: mmoja amekaa katika kiti cha hukumu, mwingine amesimama kama mshtakiwa.

Rusticus akamwamuru Yustino kutii miungu na Makaisari, kisha akamwuliza ni mafundisho gani anayoyashika. Yustino akajibu kwamba amejaribu kujifunza mafundisho ya kila namna, na mwishowe ameyakubali ya Wakristu kuwa ndiyo ya kweli. Akaeleza imani yake kwa Mungu mmoja, Mwumba wa vyote, na kwa Yezu Kristu Mwana wake. Alipoulizwa wanakusanyika wapi, akajibu kwamba kila mmoja hukusanyika anapopenda na anapoweza, kwani Mungu hafungwi mahali pamoja.

Rusticus akawauliza wengine mmoja mmoja. Euelpistus alikuwa mtumwa wa Kaisari. Alijibu kwamba ni Mkristu, na kwamba Kristu amempa uhuru. Paeon na Euelpistus walisema kwamba imani waliipokea kwa wazazi wao. Hierax aliulizwa wazazi wake wako wapi. Akasema kwamba baba yake wa kweli ni Kristu, na mama yake ni imani. Wazazi wake wa duniani walikwisha kufa.

Rusticus akamrudia Yustino. Akamwuliza, yeye anayeitwa mtu wa elimu, kama anadhani kwamba akipigwa mijeledi na kukatwa kichwa atapanda mbinguni. Yustino akajibu kwamba hadhani. Anajua kwa hakika. Mara ya mwisho wakaamriwa kutoa sadaka kwa miungu. Wote wakakataa. Hukumu ikatolewa: wapigwe mijeledi, kisha wakatwe vichwa. Hivi Yustino na wenzake wakakamilisha ushuhuda wao. Waamini wakaichukua miili yao kwa siri, wakaizika mahali pa heshima.

8. Fundisho la maisha yake

Je, Rusticus alikosa nini? Akili alikuwa nayo, na desturi njema pia. Alijua kwamba kumwua asiye na kosa ni uovu. Lakini kwake Kaisari na miungu ya dola walikuwa kipimo cha mwisho, wala hakuwa na hakimu mwingine juu yao wa kumwita ajibu. Serikali ilipomwagiza kutenda lisilo haki, hekima yake haikupata mahali pa kusimama. Euelpistus, mtumwa asiye na cheo, alipata mahali hapo.

Kwa hiyo Mkristu asimdharau jirani asiyesali, ikiwa ni mwaminifu na mwenye huruma. Wema ule ni mbegu iliyopandwa na Neno. Wala asizidharau amri njema za wazee waliokataza wizi na kuheshimu wageni. Lakini mkatekumeni asiseme kwamba desturi njema yatosha, na ubatizo ni nyongeza tu. Desturi humlinda mtu mbele ya macho ya kijiji. Saa yaja ambapo kijiji kizima kitamtaka atende vibaya, au ambapo hakuna jicho la mtu limwonalo. Saa hiyo ndiyo inayopima shina.

Eklezia humkumbuka Mtakatifu Yustino tarehe 1 Juni, naye ni msimamizi wa wanafalsafa. Wote wanaotafuta kweli wamwombe awasaidie kuipata, na wakiisha kuipata wasiiache.

Maswali kwa wakatekumeni

1. Yustino alikosa nini kwa walimu wanne wa kwanza?
2. Mbegu za Neno ni nini? Taja moja iliyo katika desturi za wazee.
3. Kwa nini Yustino alisema kwamba mkono wa sheria za watu ni mfupi?
4. Rusticus na Euelpistus: ni yupi aliyekuwa huru, na kwa sababu gani?